Ni samaki yupi wa kurudishwa majini?

Msafiri atokaye Malindi kuelekea kaskazini, akisha kuuvuka mto Sabaki na kuzizoea nyika kavu za njiani, hufika Minjila pasipo kutarajia. Hapo barabara hugawanyika: moja hushika njia ya Hola na Garissa, nyingine hugeukia Witu na Lamu. Basi likisimama, abiria huteremka kujinyoosha, na akina mama wenye sinia za samaki huwazunguka. Nimepita njia panda hiyo mara nyingi tangu nilipokuwa mwalimu kijana katika shule moja ya upande wa Garsen, na sikumbuki kuwahi kuipita bila kununua kipande cha kambare.

Mwezi wa Julai, mwaka 2024, nilisimama mbele ya sinia moja na mkono wangu ukasita kuingia mfukoni. Upande mmoja palikuwa na kambare wa kawaida, waliokatwa vipande na kukaangwa hadi wakawa na rangi ya kahawa. Upande wa pili palikuwa na rundo la samaki wadogo wasiozidi kidole cha kati cha mkono. Hawakuwa dagaa, maana dagaa ni mdogo kwa maumbile yake, na akifikia udogo ule huwa ameshakua na pengine ameshazaa. Hawa walikuwa watoto wa perege, tena wachanga. Nilimwuliza muuzaji wametoka wapi. Alinijibu kwa upole, bila kuona haya wala sababu ya kuiona: "Ziwani, mwalimu. Maji yanarudi, vijana wanavua kwa vyandarua."

Nilikaa Minjila siku tatu kwa shughuli zisizohusiana na uvuvi. Kwa kuwa mwalimu aliyestaafu haachi kufundisha mpaka azikwe, siku ya pili niliwafuata vijana hao hadi kwenye kidimbwi kimoja kikubwa kilichoachwa na mafuriko. Msomaji atakumbuka kwamba Mto Tana ulifurika Novemba 2023, kisha ukafurika tena Aprili na Mei 2024, na vijiji vingi vya delta vikahama. Maji yanaporudi mtoni hubakiza vidimbwi na maziwa madogo, na humo samaki hujaa kama mahindi ghalani. Ni neema baada ya msiba, na watu waliopoteza mashamba yao kwa maji wana haki ya kuichukua.

Kando ya kidimbwi nilimkuta mvulana wa darasa la sita hivi, akivua peke yake kwa ndoana. Hakuwa na chandarua. Nilifurahi kumwona, nami nikaketi. Haukupita muda akamtoa perege wa kike wa ukubwa wa kiganja. Samaki yule alipofika nchi kavu alifungua kinywa, na humo vikamwagika vitoto vidogo kama punje za mtama, vikirukaruka juu ya matope. Mvulana alicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa nilifundisha somo la elimu viumbe kwa miaka mingi na nilijua nilichokuwa nikikitazama. Perege wa Tana hutaga mayai machache akilinganishwa na samaki wengine. Ni mamia tu. Kwa sababu hiyo mama huyaokota na kuyaatamia kinywani mwake, wala hali kitu chochote cha maana mpaka watoto wajue kuogelea. Hata wakishajua, akiona hatari huwaita, nao hurudi kinywani mbio.

"Mrudishe, mwanangu," nilimwambia. "Huyu ni mzazi."

Alinitazama kwa heshima, kama wanavyofunzwa watoto wa huko, kisha akaniuliza, "Mwalimu, nikimrudisha huyu, nyanya atakula nini usiku?"

Sikuwa na jibu, nikafanya kile afanyacho mtu mwenye noti mfukoni anapokosa jibu. Nilimnunua yule samaki. Nililowesha mikono yangu, nikaitoa ndoana, nikamshika majini mpaka alipopata nguvu, nikamwachilia. Kisha nikasimama nikijiona nimetenda jambo. Robo saa haikutimia, mvulana mwingine aliyekuwa hatua ishirini kutoka pale akapiga kelele za furaha. Nilikwenda kuona. Alikuwa ni yule yule. Nilimtambua kwa mdomo uliochanika upande wa kushoto. Wema wangu niliulipia shilingi, nao ukapikwa kwa nazi jioni ile ile.

Ningalikiacha kisa hicho kiwe cha kuchekesha wajukuu, lakini mzee mmoja Mpokomo aliyekuwa akipita na jembe lake begani alisimama kutuamkua. Nilimweleza yaliyotokea, naye hakucheka. Alikitazama kidimbwi, akatazama jua, akasema: "Mwalimu, maji haya yamebakiza siku arobaini. Hayana mlango wa kurudia mtoni. Ukimwachilia samaki humu, umemwachilia kaburini."

Naam, hapo ndipo nilipofahamu kwamba swali langu lilikuwa na kasoro tangu mwanzo. Nilikuwa nikiuliza ni samaki gani arudishwe, na mzee aliuliza arudishwe wapi. Katika dimbwi linalokauka, huruma ya kumrudisha samaki haimfai yeyote, kwani jua litamuua na korongo atamla. Mwenye kutaka kumwokoa na ampeleke mtoni kwa ndoo. Asiyeweza na amle, wala asijilaumu. Ni kambare na kamongo tu wawezao kujitetea hapo kidogo. Kambare ana kiungo cha kuvutia hewa juu ya mashavu yake, na usiku wa mvua anaweza kujikokota juu ya majani mabichi kutoka dimbwi hadi dimbwi. Kamongo, yeye huchimba matopeni, akajizungushia ute unaokauka ukawa kama mfuko, akalala humo mpaka mvua irudi. Tena kamongo ana ajabu nyingine ambayo walimu wenzangu wanaweza kuitumia darasani: akisha kukua hawezi kuishi bila kupanda juu kuvuta hewa, na akinaswa usiku kucha katika wavu uliozama, hufa maji kama mtu. Anayemkuta asubuhi na kusema atamrudisha kwa kuwa ni mdogo, aghalabu hurudisha maiti.

Nilimwomba mzee anieleze walivyovua zamani. Alisema kwamba maziwa ya huko, kama Shakababo, huunganishwa na mto kwa vijito ambavyo maji huingilia na kutokea. Mto ulipojaa na maji kuanza kuingia, wazee waliwakataza watu kuviziba vijito, kwa kuwa samaki wakati huo huingia na mayai tumboni kwenda kutaga katika majani yaliyofunikwa na maji. Maji yalipoanza kutoka, ndipo ruhusa ilipotolewa na migono ikategwa mlangoni. Mgono ulisukwa kwa fito, na kati ya ufito na ufito paliachwa nafasi. "Mkubwa alibaki," alisema mzee, "na mdogo alipita akaenda mtoni. Hapakuwa na haja ya kumshika na kumwachilia. Mgono ulichagua wenyewe."

Nimekuwa nikiyatafakari maneno hayo tangu siku hiyo, kwa sababu suala la kumvua samaki na kumwachilia limekuwa na watetezi wengi duniani, na baadhi yao tunao hapa hapa nchini, juu na chini ya mto huu huu.

Chukua kwanza kule juu. Maji yapitayo Garsen huanzia, pamoja na kwingineko, katika milima ya Nyandarua, na mmoja wa mito inayoulisha Tana ni Gura. Mwaka 1905 Ewart Grogan, mlowezi mashuhuri wa Kiingereza, alileta samaki aina ya trauti na kuwatia katika mto huo. Trauti hakuletwa kumlisha Mkikuyu wala mtu mwingine mwenye njaa. Aliletwa kumburudisha mzungu aliyekumbuka mito ya kwao. Hadi leo wako wanaosimama katika maji yale ya baridi na ndoana iliyofungwa manyoya mfano wa nzi, wakavua, wakapima, wakaachilia. Siwakebehi. Maji ya baridi yana hewa nyingi, ndoana ile hushika mdomoni tu, na samaki aliyeachiliwa upesi kwa kawaida huishi. Lakini mchezo ule una sharti moja lisilotajwa, nalo ni kwamba mvuvi awe ameshakula.

Kisha tazama pwani, Watamu na Malindi, si mbali sana na Minjila. Enzi za Ernest Hemingway, aliyevua katika bahari hii mwaka 1934, fahari ya mvuvi ilikuwa kumtundika samaki na kupigwa picha kando yake. Siku hizi wengi humvuta sulisuli hadi ubavuni mwa mashua, wakampachika kibandiko chenye namba mgongoni, wakamwacha aende. Shirika la African Billfish Foundation, lenye makao yake Watamu, huweka kumbukumbu za vibandiko hivyo, na samaki akivuliwa tena mahali pengine hujulikana ametoka wapi na amesafiri kiasi gani. Hiyo ni elimu, na elimu haina bei. Aidha sulisuli mmoja aliye hai anaweza kuwaleta wageni kadhaa kwa nyakati mbalimbali, wakalipa mashua, nahodha na hoteli, ilhali aliyekufa huuzwa kwa kilo mara moja tu.

Hata hivyo si wote duniani wanaoliona jambo hilo kuwa jema. Tangu mwaka 2009 sheria ya Uswisi imekataza kuvua kwa nia ya kumwachilia samaki afaaye kuliwa, kwa hoja kwamba kumtesa kiumbe kwa starehe tu si halali. Ujerumani nako sheria hudai sababu ya maana kabla ya kumwumiza mnyama, na chakula huhesabiwa kuwa sababu. Nilipolieleza jambo hili kwa mzee wa Minjila alitikisa kichwa akasema hao Waswisi wangeelewana na marehemu baba yake, aliyewachapa watoto waliochezea samaki.

Sasa nieleze msimamo wangu, kwa maana mwandishi wa safu hii halipwi kusimulia hadithi tu. Nakubali kwamba si kila samaki anayeshikwa apaswa kubaki kikapuni. Nakataa kwamba uamuzi huo unaweza kuachiwa huruma ya mvuvi mmoja, tena mwenye njaa, samaki akiwa ameshajeruhiwa mkononi mwake. Uchaguzi wa maana hufanywa kabla: katika macho ya wavu, katika mahali pa kutega, katika majira. Mgono wa mzee ulikuwa umeamua kabla mvuvi hajaamka. Chandarua nacho huamua kabla, ila uamuzi wake ni kwamba hapana atakayesalia. Zaidi ya hayo, vyandarua vya kuzuia malaria hutiwa dawa ya kuua mbu, na dawa hiyo ni sumu kali kwa samaki. Chandarua kilitolewa kimlinde mtoto dhidi ya mbu, leo kinamaliza kitoweo chake cha kesho, na usiku mtoto huyo huyo anaumwa na mbu kwa kuwa chandarua kiko ziwani.

Pana kosa jingine ambalo sisi watu wazima tulilifundisha bila kujua. Tuliwaambia watoto: rudisheni wadogo, chukueni wakubwa. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Nawaomba walimu wa hisabati wawape wanafunzi fumbo hili. Kambare mmoja ana urefu wa sentimita 30 na mwingine sentimita 60, na umbo lao ni moja. Je, wa pili ni mara mbili ya wa kwanza? La hasha. Urefu umezidishwa kwa mbili, unene kwa mbili, na kimo kwa mbili. Uzito wake ni takriban mara nane. Mayai nayo hufuata uzito. Kambare jike mmoja mkubwa hubeba mayai kwa makumi ya maelfu, na ukimla yeye umekula kijiji. Kwa ajili hiyo katika Ziwa Viktoria iliwekwa kanuni kuhusu sangara ambayo wengi waliishangaa: aliye chini ya sentimita 50 asichukuliwe, na aliyezidi sentimita 85 asichukuliwe vilevile. Wavuvi waliruhusiwa wa katikati. Ni vigumu kuisimamia kanuni hiyo, kwa maana sangara mkubwa ni fedha nyingi na giza la ziwa ni refu, lakini hoja yake ni sahihi, nayo yafaa kambare wa Tana kama inavyomfaa sangara. Mtoto aachwe akue. Mama mkubwa mwenye tumbo, hasa mwanzoni mwa mafuriko anapokimbilia majanini kutaga, aachwe azae. Anayeliwa awe yule wa makamo.

Najua nitakayoulizwa, kwa kuwa nimeshaulizwa. Mvuvi wa Garsen amwachie kambare mkubwa ilhali meli za huko baharini hazimwachii hata kamba? Swali hili lina haki yake. Tana humwaga maji na rutuba yake katika Ghuba ya Ungwana, na kwa miaka mingi meli za kukokota nyavu zilivua kamba humo, zikazoa pamoja nao samaki wadogo wengi ambao hawakuwa na soko, wakarudishwa baharini wakiwa wamekufa. Huo nao ulikuwa uachiliaji! Wavuvi wa mitumbwi walilalamika mpaka meli hizo zikasimamishwa mwaka 2006. Ziliruhusiwa kurudi baada ya mpango wa usimamizi wa mwaka 2010, ambao uliweka msimu wa kufunga kuanzia Novemba hadi Machi. Tazama tena kwamba dawa iliyotafutwa haikuwa kuwahimiza mabaharia wawe na huruma, bali kuwapangia majira na mahali.

Na kuna wa juu zaidi ya meli. Tangu bwawa la Masinga lilipokamilika mwaka 1981 na lile la Kiambere mwaka 1988, mafuriko madogo ya kila mwaka, yale yaliyokuwa yakifungua vijito na kuyajaza maziwa kwa utaratibu, yamepungua. Huja sasa makubwa, kwa ghafla, kama yale ya 2024, yakavunja nyumba na kuondoka. Ziwa Bilisa ambalo wazee walivua ujanani halina tena maji waliyoyajua. Delta yote, hekta 163,600, iliandikishwa mwaka 2012 kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini kambare hasomi mkataba. Anangoja maji yaingie majanini, na yasipoingia, mama uliyemwachilia kwa moyo mweupe hana pa kutagia. Sisemi haya ili mvuvi apate kisingizio. Nasema ili asibebeshwe peke yake mzigo ambao wengine wamejitua.

Basi mwanafunzi wa Minjila, Ngao au Garsen afanye nini? Kwanza ajue kwamba Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016 ipo, na kwamba tangu mwaka 2007 kanuni zimewapa wavuvi wenyewe vikundi vya usimamizi wa fuo, vile vinavyojulikana kama BMU, ambavyo vinaweza kupatana juu ya nyavu, mahali na majira. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya wazee wa gasa. Sioni kwa nini hao wawili wasiketi pamoja. Pili, akivua kwa ndoana mtoni penye maji ya kudumu na akaamua kumrudisha samaki, amrudishe ipasavyo. Asimvutevute muda mrefu katika maji ya moto ya adhuhuri, maana samaki aliyechoka huondoka akiogelea na kufa baadaye mahali usipomwona. Aloweshe mikono, kwa sababu mkono mkavu huondoa ule ute unaomkinga na maradhi. Ndoana ikiwa imemezwa tumboni, akate mshipi karibu na mdomo badala ya kuing'oa. Na kile kijino cha ndoana kinachorudi nyuma anaweza kukibana kwa koleo kabla ya kuondoka nyumbani. Mambo haya hayagharimu kitu.

Kuhusu perege mwenye watoto kinywani bado sina hakika kamili. Mtoni, ningesema arudishwe bila majadiliano, na vitoto viokotwe virudishwe pamoja naye. Katika lile dimbwi la siku arobaini, nadhani yule mvulana alikuwa sahihi kuliko mimi. Laiti ningalikuwa na ndoo.

Kabla sijaondoka nilimtafuta mzee yule kumuaga. Nilimkuta na mvulana wangu wa ndoana, ambaye kumbe ni mjukuu wa dada yake, wakizikata fito. Alikuwa akimfundisha kusuka mgono, na mtoto alikuwa akizisogeza fito karibu karibu ili mtego uwe imara. Mzee akazitenganisha. Mtoto akazisogeza tena. Mzee akamshika mkono, akaingiza vidole vyake viwili kati ya ufito na ufito, akamwambia aache nafasi ile ile mpaka chini.

Aliniomba kitu kimoja. Alisema vijana hawatarudi wote kwenye mgono, kwa kuwa kuusuka ni kazi ya siku nyingi, lakini wako tayari kuviacha vyandarua wakipata wavu wenye macho mapana. Nilimwahidi kutuma mmoja kutoka Mombasa kwa basi la Lamu, ushushwe Minjila. Nimeshaulizia bei mara mbili, na mara zote nimerudi nyumbani nikisema ni mwisho wa mwezi.

Mwisho wa mwezi ni Ijumaa ijayo.